Bisengimana na sheria ya 1972

Kila nikienda kupima shamba Masisi, mzee mmoja ananiuliza kama karatasi inaweza kufutwa. Swali hilo njo linanikumbusha Barthélémy Bisengimana.

Mtu huyu, mwenye asili ya Rwanda, alisoma uinjinia Lovanium, akaongoza biro ya Mobutu toka 1969 mpaka 1977. Akiwa pale, tarehe 5 Januari 1972 ilitoka sheria: watu wa Ruanda-Urundi waliokaa Kivu tangu kabla ya 1950 ni raia. Wengi wao waliletwa Masisi na Wabelgiji kuanzia 1937, wafanye kazi mashambani.

Kwangu kosa liko hapo: haki ilitoka Kinshasa, ikabebwa na mkubwa mmoja, haikutoka kwa majirani. Bisengimana akafukuzwa 1977. Mwaka 1981 sheria nyingine ikafuta ile. Mtu akalala raia, akaamka mgeni. Machi 1993 watu wakauawa sokoni Ntoto, kule Walikale, na moto ukafika Masisi.

Yule mzee nilimwambia: baba, ita kwanza majirani, tuone mipaka pamoja. Akacheka kidogo, akaenda kuwaita.