Kumtafuta Babu Askari: Tabora ama Mahenge?

Katika familia nyingi za kwetu Kivu wanasema: "Babu alikwenda Tabora," na hadithi inaishia pale. Kwetu pia ilikuwa vile. Sisi tulitaka kujua kama alikwenda na bunduki ama na mzigo kichwani. Maana Force Publique iliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, lakini nyuma yake kulikuwa wapagazi zaidi ya 200,000, na wengi wao hakuna aliyejali kuandika majina yao.

Askari, yeye, aliandikwa. Alikuwa na namba yake, matrikule, na ile namba inafaa kuliko jina. Jina, mzungu aliliandika vile alivyolisikia: L inageuka R, Mu- ya mwanzo inapotea. Na pengine kijana mwenyewe alitoa jina la utani!

Kwa hiyo, mbele ya kuandikia arshive za Brussels, tulifungua kwanza kopo la shangazi: medali, karatasi ya ubatizo, na kipande kimoja chenye matrikule, nusu imefutika. Basi alikuwa askari. Lakini ni shangazi, asiyejua kusoma, ndiye alitamka "Mahenge", neno alilolisikia kwa baba yake. Mahenge ilitekwa Oktoba 1917, mwaka mzima nyuma ya Tabora. Maana yake babu hakurudi na wale wa kwanza.

Katika barua tumetia tarakimu tatu zinazosomeka, majina yake yote manne, na hilo neno la shangazi.