Utamu wa Sababu Moja: Hadithi ya Washirazi
Itakumbukwa kwamba hadithi ya Kilwa, iliyochapishwa kwa Kireno na João de Barros mwaka 1552, yasema Ali wa Shirazi alikinunua kisiwa hicho kwa nguo. Maelezo haya yalivutia kwa kuwa akili hupenda sababu moja ijibuyo maswali mengi. Tena yaliwapa masultani nasaba, na wakoloni kisingizio cha kuwanyima Waafrika miji yao. Hata hivyo, Kiswahili ni lugha ya Kibantu, na Shanga ilikaliwa tangu karne ya 8, kabla ya Ali. Utafiti wa vinasaba vya mifupa ya kale, uliotolewa mwaka 2023, ulibainisha akina mama wengi Waafrika na akina baba wengi Waajemi. Hadithi, basi, haikuwa uongo mtupu. Hatari yake ni kutufanya tuache kuuliza.