Utata na Uchangamano

Neno utata limetoka kwenye uzi. Kitenzi chake, tata, kilihusu uzi au mshipi wa mvuvi uliosokotana hata ncha isionekane. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, tunda la Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, bado inaikumbuka maana hiyo. Hapo ndipo tulipopata tatiza, kisha tatizo, ambalo leo twalitumia kwa ada ya shule na kwa mgogoro wa mpaka bila kuukumbuka uzi. Kinyume chake ni tatua, kwa kiambishi kile kinachogeuza funga kuwa fungua. Tatua ni kuchana nguo pia, nami naipenda maana hiyo: fundo likivutwa kwa pupa, kitambaa hutatuka.

Uchangamano una ukoo mwingine. Ndani ya changamana tunaliona changa, kukusanya cha kila mmoja, pamoja na -mana ya shikamana na fungamana, yaani vitu vilivyogusana vikabaki hivyo. Hata complexus ya Kilatini, walikochukua Waingereza neno lao, ilikuwa na maana ya kukumbatia.

Sarufi zetu za shule ziliyatenga maneno haya kwa uangalifu. "Nunua mbuzi" ina utata, kwani haijulikani ni mnyama au kifaa cha kukunia nazi. "Mtoto aliyelala ameamka" ni changamano: kishazi kimoja chategemea kingine, wala msikilizaji hababaiki.

Niliyafundisha hayo miaka mingi chuoni, na bado nilikosea. Mwanachuo mmoja aliandika kwamba familia yao ni changamano: baba mmoja, mama watatu, watoto na wajukuu ua mmoja. Nikaukata mstari kwa wino mwekundu, juu yake nikaandika "yenye utata". Alinijia baada ya kipindi, akasema kwa adabu, "Samahani mwalimu, kwetu hakuna cha kutatua." Nilimrudishia alama yake.

Ndiyo maana husita nisomapo uhakiki usemao shairi "lina utata" kwa kuwa tu limebeba mengi. Mhakiki huyo ameshaanza kutafuta ncha ya kuvuta. Upo utata wa kweli, mshairi anapobana mizani hata tusijue nani kamwacha nani. Huo na ulaumiwe. Lakini ubeti uliochukua mapenzi, siasa na dua kwa pamoja, nasi tukauelewa, ni changamano.