Safu ya Lugha: Jimbo si kaunti

Juzi kule Mwanda nilimsikia kijana akimtaja “gavana wa jimbo letu”. Mzee mmoja akamkatiza: “Jimbo lipi, mwanangu? Jimbo lilikufa Jamhuri ilipozaliwa.”

Mzee alisema kweli. Chama cha KADU cha Ronald Ngala kilipigania majimbo, Katiba ya 1963 ikayaweka, nasi Wataita tukawa katika Jimbo la Pwani. Kenya ilipokuwa Jamhuri, 12 Desemba 1964, mfumo huo ukawa umezikwa. Marekani neno “jimbo” linakaa vizuri, kwani makoloni 13 yalijitangazia uhuru mwaka 1776, yakawa majimbo, ndipo yakatunga katiba ya pamoja mwaka 1787. Huko jimbo lina katiba yake. Kaunti zetu 47 hazina. Zote zimezaliwa na Katiba moja, ya 2010. Kuwa na gavana wa kuchaguliwa hakuigeuzi kaunti kuwa jimbo.

Basi Taita Taveta ni kaunti, Wundanyi ni eneo bunge (Mtanzania angeliita jimbo, na kwao ni sahihi), na Mwanda/Mgange ni wadi. Watangazaji wetu, tafadhali, mkisoma habari za kwetu semeni kaunti.