Stomata
Nomino, ngeli ya [i-/zi-]. Umbo ni moja kwa umoja na wingi. Kitundu kidogo sana katika ngozi ya jani au ya shina changa, kinachopitisha hewa na mvuke wa maji. Asili: Kigiriki *stoma*, yaani kinywa.

Maelezo: Kila stomata imezungukwa na seli linzi mbili. Zikijaa maji hupindika, kitundu kikafunguka; zikipungukiwa hulegea, kikafumba. Mlango uingizao kabonidioksidi ya usanisinuru ndio huohuo upotezao maji. Kwa hiyo mahindi yanayofunga stomata wakati wa ukame huokoa maji, lakini hupunguza kujitengenezea chakula. Mkonge huzifungua usiku, hewa ikiwa baridi, na kuihifadhi kabonidioksidi katika umbo la asidi hadi mchana. Ndiyo maana hustahimili ukavu.

Matumizi: Maji kutoka mmeani yakiwa mvuke huitwa *transpiresheni*. Neno hili lisichanganywe na *uvukizaji*, ambao hutokea hata dimbwini, wala na *upumuaji*, ambao ni kuvunjwa kwa chakula ndani ya seli ili kupata nishati.

Mfano: Stomata za mahindi zilijifunga adhuhuri, majani yakajikunja.