Orodha Si Hesabu: Ndege Waimbaji wa Gishwati

Anayeishi Gisenyi, magharibi mwa Rwanda, huujua msitu wa Gishwati kwa rangi ya mto Sebeya. Mvua ikinyesha huko juu, maji hushuka na tope hadi Ziwa Kivu, na usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 yalishuka na nyumba za watu. Hakuna mkazi wa wilaya ya Rubavu anayehitaji kuelezwa kwamba msitu ule ulikatwa. Kinachobishaniwa ni ndege. Vipeperushi vya utalii, na siku hizi hata baadhi ya wasomi, husema Gishwati imepona, na ushahidi wanaoutoa ni orodha: spishi 232 za ndege Gishwati, 163 katika msitu wa Mukura. Ninadai kwamba orodha hiyo, hata kama kila jina lililomo ni sahihi, haisemi lolote kuhusu kupungua kwa ndege waimbaji wa msituni. Zaidi ya hapo, ndiyo inayotuziba macho tusikuone kupungua kwenyewe.

Historia ya eneo haina ubishi mkubwa. Katika miaka ya 1970 msitu ulikuwa na takriban hekta 28,000. Mradi wa ufugaji na upandaji wa misonobari wa miaka ya 1980, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulimega sehemu kubwa. Baada ya 1994 familia zilizorejea kutoka uhamishoni zilipata makazi humo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki hekta kama 600. Tangu hapo eneo limeongezwa zaidi ya mara mbili, Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura ikaanzishwa, na mwaka 2020 UNESCO ikaitambua kuwa hifadhi ya biosfia.

Ugomvi wangu ni wa kipimo. Tuchukue ndege wa kubuni ambaye kila jozi yake huhitaji hekta mbili za msitu. Hekta 28,000 zingebeba jozi 14,000. Hekta 600 zinabeba 300. Katika kila ndege mia wamekwenda tisini na wanane, na orodha bado inamwandika ndege huyo mara moja, kama ilivyomwandika zamani.

Amerika ya Kaskazini wamekwepa mtego huu, na si kwa akili nyingi. Tangu 1966 watu wa kujitolea hupita barabara ileile kila mwaka, husimama vituo 50, na katika kila kituo husikiliza kwa dakika tatu. Ndivyo ilivyojulikana kwamba Hylocichla mustelina, ndege wa jamii ya mkesha mwenye kifua cha madoadoa na sauti ya filimbi, amepungua vibaya katika misitu ya mashariki. Na ndivyo Rosenberg na wenzake walivyoweza kuandika mwaka 2019 kwamba bara lile lina ndege bilioni 2.9 pungufu kuliko 1970. Kuhusu sababu wangali wanavutana: Terborgh, mwaka 1989, aliwaelekeza wasomaji wake kwenye misitu ya tropiki ambako ndege hao hukimbilia baridi, ilhali wengine hulaumu kukatwakatwa kwa misitu ya nyumbani, ambako wawindaji wa mayai na ndege wanaotaga katika viota vya wenzao huingilia pembezoni. Kubishania sababu ni anasa ya mwenye takwimu. Sisi hatujafika huko.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi umetoka Kakamega, magharibi mwa Kenya. Mwaka 1999 Brooks, Pimm na Oyugi walichunguza ndege wa vipande vya msitu vilivyotengwa huko, wakauliza swali jepesi: baada ya msitu kukatwa, spishi huchukua muda gani kutoweka? Jibu lao ni kwamba kipande cha hekta 1,000 hivi hupoteza, katika miaka 50 ya kwanza, nusu ya spishi zote ambazo hatimaye kitazipoteza. Nusu nyingine bado wanaimba, wanaonekana, wanaingizwa kwenye orodha. Kukopa harusi, kulipa matanga: Gishwati ya leo, kwa ukubwa na umri wa jeraha lake, imo katikati ya harusi.

Nitajibiwa kwamba He na Hubbell, mwaka 2011, walionyesha kuwa kanuni ya eneo na spishi hukuza makadirio ya kutoweka. Sawa. Kwa kipeo cha kawaida cha 0.25, kanuni hiyo ingeiachia Gishwati ya hekta 600 asilimia 38 tu ya spishi zake, na orodha ya 232 inaonekana kuikejeli. Lakini simama ukingoni mwa msitu saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Ng'ombe wamelala malishoni, vijana wanapita na madumu ya maziwa, na anayeimba kwa nguvu kuliko wote ni shore, ndege wa mashamba ya viazi na bustani za Gisenyi. Naye yumo katika orodha za aina hii. Ukataji uliomfukuza ndege wa kivuli ulimkaribisha yeye, na jumla haibagui. Misonobari, inayotetewa kuwa kimbilio, sioni ikimfaa sana ndege anayetafuta wadudu katika vichaka vya chini.

Rwanda haishindwi kuhesabu. Umusambi, korongo mwenye taji, alihesabiwa 487 mwaka 2017 na 1,293 mwaka 2024, kazi ya shirika la uhifadhi la RWCA. Lakini umusambi ni mrefu, husimama wazi kwenye mabwawa, na alikuwa akifugwa katika bustani za hoteli. Kupungua kwake kulionekana na kila mwenye macho. Ndege wa gramu kumi aliye ndani ya kichaka hana bustani ya hoteli.

Askari wa hifadhi tayari wanafanya doria msituni. Vituo vichache, kuanzia malishoni hadi kwenye miti ya kale, dakika kumi kila kimoja, mwezi uleule kila mwaka: gharama yake ni daftari na masikio yaliyofundishwa. Mwaka wa kwanza daftari halitathibitisha chochote, wala wa pili. Kwa kipimo cha Kakamega, tukianzia katikati ya miaka ya 1990, nusu ya deni itakuwa imelipwa katikati ya miaka ya 2040. Imebaki misimu ishirini hivi ya kuzaliana.