Kujiua na wokovu katika Ukristo

Biblia inasimulia vifo vya mfalme Sauli na Yuda Iskariote, waliojiua, bila kutamka hukumu ya wazi juu ya kujiua kwenyewe. Msimamo mkali ulitoka kwa Augustino wa Hippo: baada ya Roma kutekwa mwaka 410, alifundisha kwamba amri ya kutoua humkataza mtu kujiua pia. Mtaguso wa Braga wa 561 ukawanyima waliojiua ibada ya maziko, adhabu iliyowaumiza zaidi wafiwa. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983 haikuwataja tena waliojiua miongoni mwa wanaonyimwa maziko ya Kanisa. Katekisimu ya 1992 huona kujiua kuwa kosa zito, lakini inakiri kwamba maradhi ya akili au hofu kuu huweza kupunguza uwajibikaji wa mhusika, na Kanisa huwaombea marehemu hao. Waprotestanti wengi hushikilia kuwa wokovu hutegemea neema, si namna ya kufa.